Kwanza Diski Nzima, Kisha Video: Namna ya Kuokoa DVD Zilizochomwa Nyumbani

Mhadhara uliotolewa mjini Kampala mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili

Waheshimiwa wazee, mabibi na mabwana,

Katika kabati za nyumba nyingi, kuanzia Entebbe hadi Jinja, zimo DVD za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe), za harusi, za mahafali na za mazishi, ambazo zilichomwa na mpiga video wa mtaani, zikatiwa katika kasha lenye picha ya maharusi, na hazijaguswa tena tangu deki ya sebuleni ilipoharibika. Kompyuta nyingi za mkononi zinazouzwa sasa hazina mahali pa kuingizia diski, na vijana wa nyumba hutazama kila kitu kwenye simu. Nimeombwa nieleze namna ya kuzitoa video hizo na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Nitaeleza, lakini nitashikilia jambo moja ambalo naona hukosewa mara nyingi mno: kuiokoa diski ni kazi moja, na kuigeuza video iwe faili la kutazamwa kwenye simu ni kazi nyingine, na ile ya kwanza haina budi kukamilika kabla ya ya pili kuanza. Fundi anayekukabidhi faili dogo la MP4 na kukwambia kwamba sasa DVD unaweza kuitupa, amekufanyia kazi ya pili peke yake.

Uharaka wa kazi ya kwanza unatokana na jinsi diski hizi zilivyoundwa. DVD ya filamu inayotoka kiwandani hugongwa alama zake kwenye plastiki kwa mashine, ilhali ile ya kuchoma ina tabaka jembamba la rangi ya kikemikali, ambalo leza huliunguza kidogo kidogo ili kuacha alama. Rangi hiyo huendelea kubadilika kwa mwanga, kwa joto na kwa unyevu hata kama hakuna anayeigusa diski, na ubora wake ulitofautiana sana kati ya diski za bei nafuu na zile nzuri. DVD ina unene wa milimita 1.2, nayo ni bamba mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, rangi ikiwa katikati. Kwa hiyo unyevu huanza kuingilia ukingoni, mahali gundi inapoachia. CD ni dhaifu zaidi kwa upande wa juu, kwa sababu tabaka lake lipo chini tu ya ule upande unaoandikwa, na kalamu ya wino yenye ncha ngumu inaweza kuliharibu. Zipo pia lebo za karatasi ambazo wapiga video wetu walipenda kuzibandika: karatasi hunyonya unyevu, huvuta upande mmoja, na diski huyumba inapozungushwa kwa kasi. Ukiikuta lebo ya namna hiyo usiibandue, kwani inaweza kuondoka pamoja na kile unachokitafuta.

Kabla ya kuitia diski kwenye kompyuta, ishike kwa ukingo na uigeuze chini ya mwanga wa dirisha. Sehemu iliyochomwa huonekana kama mkanda wenye kivuli tofauti kidogo unaoanza karibu na tundu na kuelekea nje, na mpaka wake huonekana wazi. Kwa kutazama tu utajua kama diski imejaa, ni nusu, au haina kitu. Vumbi na alama za vidole zifutwe kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzunguka, maana mchubuko unaofuata njia ya leza huharibu data nyingi zilizofuatana, wakati ule unaoikata njia huharibu kidogo kila mahali, na hicho kidogo mfumo wa kusahihisha makosa huweza kukifidia.

Kuhusu draivu, yaani kifaa cha kusomea diski, sina mengi. Draivu ya nje ya DVD inayounganishwa kwa waya wa USB inatosha, na ukiweza kuazima ya pili ya aina tofauti ni bora zaidi, kwa sababu diski inayokataliwa na draivu moja mara nyingi husomwa na nyingine.

Sasa tufungue diski yenyewe. DVD iliyochomwa ili ichezwe kwenye deki huwa na folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake kuna mafaili ya aina tatu. Yale ya VOB yanabeba picha na sauti. Ya IFO yanaeleza mpangilio, yaani kipi kinaanza wapi. Na ya BUP ni nakala za akiba za IFO. Video ya saa nzima haikai katika faili moja, kwani kila VOB lina kikomo cha takriban GB 1, na kwa sababu hiyo utaona VTS_01_1.VOB, kisha VTS_01_2.VOB, na kuendelea. Mkato kati ya faili na faili hauangalii mtu alikuwa anasema nini. Neno linaweza kuanza katika faili la pili na kumalizikia katika la tatu. Hapa ndipo wengi hupotea, kwani huburuta VOB moja moja hadi kwenye flashi, hupata vipande visivyoonyesha muda sahihi, nao hudhani diski imeharibika.

Nashauri usianze na mafaili hayo kabisa. Anza kwa kuichukua diski nzima, sekta kwa sekta (sekta ni kipande kidogo cha data), iwe faili moja la aina ya ISO. Diski ikiwa haina hitilafu, programu nyingi za bure zitaifanya kazi hiyo kwa dakika zisizofika nusu saa. Ikiwa imechubuka, tumia ddrescue, programu ya bure inayoendeshwa kwenye Linux, kwa amri mbili zinazofuatana:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 kwanjula.iso kwanjula.map
ddrescue -b 2048 -d -r3 /dev/sr0 kwanjula.iso kwanjula.map

Ya kwanza huchukua yote yaliyo rahisi na kuyaruka yale magumu, ili diski dhaifu isichoshwe mapema; ya pili hurudi kwenye yaliyorukwa na kuyajaribu tena mara tatu. Hapo /dev/sr0 ni jina la draivu yenye diski, na namba 2048 ni idadi ya baiti katika sekta moja ya DVD. Lakini uzuri wa programu hii kwa sisi wa Uganda umo katika lile faili la mwisho, la map, ambalo huandika ni sekta zipi zimekwisha kusomwa na zipi bado. Umeme ukikatika katikati ya kazi, utakaporudi utaitoa amri ileile, nayo itaendelea palepale ilipoachia. Unaweza pia kuihamishia diski kwenye draivu ya pili, ukatumia ISO ileile na map ileile, na hiyo draivu ya pili ikajaza mapengo ya ya kwanza.

Mtu atauliza kama kuna haja ya kuhangaikia sekta chache. Hesabu yake ni hii. DVD husahihisha makosa kwa mafungu ya sekta 16, yaani baiti 32,768, na fungu likishindikana kusomwa huanguka lote. Kwa video ya kawaida kiasi hicho ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Hata hivyo, katika ubanaji wa MPEG-2 unaotumika humo, picha nyingi hujengwa juu ya picha kamili iliyotangulia, na kwa mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio uliotumika hapa kwetu, kati ya picha kamili moja na nyingine zinaweza kupita fremu (yaani picha moja moja) hadi 15. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fungu moja lililopotea linaweza kuchafua zaidi ya nusu sekunde ya kile unachokiona. Ikiwa hiyo ndiyo nusu sekunde ambayo ssenga (shangazi wa bibi harusi) anamwonyesha bwana harusi mbele ya wazee, familia itaona tofauti.

Kuna tatizo dogo linalowakatisha tamaa watu wengi bila sababu. ISO ya DVD iliyojaa ina GB 4.7 kwa hesabu ya watengenezaji, ambazo Windows huzionyesha kama 4.38 hivi, wakati flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, usiokubali faili moja linalofikia GB 4. Kompyuta itakataa kulinakili faili hilo hata kama flashi yako ya GB 32 haina kitu. Iandae upya kwa exFAT, baada ya kuondoa vilivyomo, na tatizo litakwisha.

ISO ikishapatikana, na nakala yake ikawekwa kwenye diski kuu (hard disk) ya nje inayokaa nyumba nyingine, DVD irudishwe kwenye kasha na kazi ya pili ianze. Programu ya MakeMKV huisoma ISO, hufuata mpangilio wa IFO, na kukupa kila video ikiwa faili moja zima la MKV, bila kubana tena chochote. Ikiwa IFO na BUP zote zimeharibika, VOB zinazofuatana zinaweza kuunganishwa moja kwa moja, kwa amri ya copy /b kwenye Windows au cat kwenye Linux, ukianzia ile ya namba 1, kwa kuwa ile ya namba 0 hubeba menyu tu. Faili la simu ndilo la mwisho, na kwa hilo programu ya HandBrake hufaa. Acha picha katika ukubwa wake wa nukta 720 kwa 576. Kuitanua hakuongezi kilichorekodiwa. Weka kipimo cha ubora kati ya 18 na 22, na washa kichujio cha kuondoa mistari ya mseto (deinterlace), la sivyo wacheza ngoma wakizungusha mikono utaona kingo zenye meno kama ya kitana.

VCD za zamani, yaani CD za video, zina njia yake. Video zake zimo katika folda ya MPEGAV kwa majina kama AVSEQ01.DAT, nazo zimeandikwa katika sekta za aina nyingine zisizotoka vizuri kwa ISO ya kawaida. Programu ya vcdxrip huzitoa kama inavyopasa.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja ameniuliza kuhusu diski ndogo ya sentimita 8 iliyorekodiwa na kamera, ambayo kompyuta inasema ni tupu ilhali mkanda wa kuchomwa unaonekana wazi. Diski hiyo, mzee wangu, haikufungwa baada ya kurekodiwa, na kompyuta haikuti orodha ya kilichomo. Kamera ileile, ikiwa ingali inafanya kazi, inaweza kuifunga kwa kuchagua Finalize kwenye menyu yake. Lakini kufunga ni kuandika juu ya diski, na diski iliyozeeka inaweza kushindwa katikati ya uandishi huo. Kwa hiyo anza na programu kama IsoBuster, inayoweza kusoma diski isiyofungwa bila kuiongezea kitu, toa kila kinachopatikana, kisha ndipo uirudishe kwenye kamera. Na tafadhali itie kwenye draivu yenye sinia inayotoka nje, kwa maana draivu ya kumeza diski haikuundwa kwa ajili ya sentimita 8 na inaweza isiirudishe.