Kuifuata Rangi: Kupanga Safari ya Kupiga Picha za Majani ya Maine

Ndugu zangu, kina mama na kina baba, nanyi vijana mliokuja na kamera shingoni, habari za jioni. Asanteni kwa kunialika.

Karibu asilimia 90 ya jimbo hili tunaloishi ni msitu, na hakuna jimbo jingine la Marekani linaloizidi Maine kwa hilo. Kila mwaka, Septemba inapokaribia kwisha, wageni huja kwa ndege na kwa mabasi kuyatazama majani yakibadilika rangi. Sisi wa Portland na Lewiston, tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania, wengi wetu tunayaona kupitia kioo cha gari huku tukiwahi zamu. Hilo linaniuma. Kwa hiyo leo sisemi na mtalii mwenye likizo ya wiki mbili. Nasema na mtu mwenye siku moja ya mapumziko, na sitaki siku hiyo impotee.

Neno langu kubwa ni hili: kilele cha rangi hakina tarehe moja, kinasafiri. Kinaanzia kaskazini na juu milimani, kinashuka kuelekea kusini na baharini, na mwendo huo huchukua karibu mwezi. Mtu wa pwani atanielewa haraka: mvuvi hatoki kwa kalenda ya ukutani, anatoka kwa maji. Basi omba siku yako kazini mapema, lakini mahali pa kwenda pachague siku mbili tatu kabla ya safari.

Kwa nini kinasafiri? Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili. Usiku unaporefuka na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza klorofili mpya, na ile iliyopo huvunjika. Hapo unajitokeza umanjano uliokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ila ulikuwa umefunikwa. Wekundu una asili nyingine. Penye kikonyo hujengeka tabaka linaloziba njia kati ya jani na tawi, sukari inabaki imenaswa ndani, na mti wa mepo (maple kwa Kiingereza) huitumia kutengeneza rangi nyekundu ambayo haikuwapo wakati wa joto. Mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi isiyofika kuganda, wekundu huwaka kwelikweli. Ukame hukausha majani yakaanguka kabla ya wakati, na usiku mmoja wa mvua na upepo mkali unaweza kuuvua mlima wote.

Tazameni sasa faida ya kujua hayo. Urefu wa usiku ni uleule kila mwaka, kwa hiyo juma la kilele tunaweza kulikadiria. Hali ya hewa ndiyo inayoamua siku.

Makadirio yenyewe ni haya. Kaskazini kabisa, huko Aroostook na Fort Kent, kilele huwa juma la mwisho la Septemba na kuingia Oktoba. Milima ya magharibi na maeneo ya kati hufuata karibu na ile sikukuu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, au baada yake kidogo. Pwani na kusini, pamoja na hapa Portland na kule hifadhi ya taifa ya Acadia, ni katikati ya Oktoba hadi karibu na mwisho wake. Na miti haiendi pamoja. Mepo nyekundu za kwenye vinamasi hutangulia. Mialoni huja mwisho na rangi yake ya kutu. Na tamaraki, jamii ya misonobari inayopukutisha sindano zake, hugeuka dhahabu wakati watu wengi wameshafungia kamera kabatini. Aliyechelewa bado ana kitu cha kupiga.

Serikali ya jimbo hutoa taarifa ya majani kila juma katika msimu huu, kwa kanda saba, ikionyesha rangi imefika wapi na majani yameanguka kiasi gani. Wengi husoma rangi tu. Mimi nawaomba msome pia kuanguka, maana mlima uliofika kilele cha rangi huku majani mengi yako chini hautakupa picha ya mbali. Tena msisubiri kanda yenu iandikwe kwamba imefika kileleni. Taarifa inaeleza kilichokwisha kuonekana, nanyi mnakwenda siku kadhaa baadaye. Ikisomeka kwamba rangi iko juu lakini bado kidogo, toka. Ukikuta pamekwisha, shuka: bonde lililo chini huchelewa kuliko kilele cha mlima uleule, na mwendo wa nusu saa kwa gari unaweza kukurudisha penye rangi.

Nichukue mfano wa siku moja, mapema Oktoba. Kutoka Portland hadi Grafton Notch, hifadhi ya jimbo kwenye milima ya magharibi, ni kama saa mbili. Mwanzoni mwa Oktoba jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo aondokaye saa kumi alfajiri anafika kabla ya mwanga. Mabondeni, usiku wa baridi ukiwa umepita, ukungu hulala juu ya maji, na maziwa yanakuwa hayajaguswa na upepo. Hiyo ndiyo saa ya picha za miti na kivuli chake majini. Jua likipanda, ingia msituni kwenye maporomoko ya Screw Auger, yaliyo kando tu ya barabara namba 26. Jioni, kama nguvu ipo, panda hadi Height of Land, mahali pa kutazamia mandhari kwenye barabara namba 17, juu ya ziwa Mooselookmeguntic. Pale unatazama magharibi, jua linakujia usoni, na majani yaliyo mbele yako yanapenywa na mwanga. Mimi napapenda kuliko mahali pengine popote jimboni.

Kwa Acadia, kumbukeni kwamba gari haliruhusiwi kupanda mlima Cadillac bila nafasi iliyolipiwa mtandaoni. Sehemu ya nafasi hizo hufunguliwa miezi mitatu kabla, lakini nyingi hufunguliwa siku mbili tu kabla. Kwa anayefuata hali ya hewa, utaratibu huo ni neema. Wikendi ya ile sikukuu ya Oktoba iepukeni kabisa kama zamu zenu zinaruhusu. Jumanne ina barabara zisizo na msongamano na vyumba vya bei nafuu.

Kuhusu vifaa nitakuwa mfupi. Simu nzuri inatosha kuanzia. Mwenye kamera, fedha yake ya kwanza ainunulie kichujio cha polaraiza kabla ya lenzi mpya. Majani hung'aa, hasa yakilowa, na ule mng'ao mweupe hufunika rangi. Ukizungusha kichujio unauona ukiondoka. Mpangilio wa weupe (white balance) wa kamera usiuache kwenye otomatiki, kwa sababu kamera itajaribu kuupunguza ujoto wa rangi mliousafiria. Chagua alama ya jua au ya mawingu. Punguza kidogo mwanga unaoingia kwenye kamera, kwani wekundu ukizidiwa na mwanga huungua upesi, na ukiungua haurudi. Wala msiogope siku ya mawingu. Ndani ya msitu mwanga laini baada ya mvua ni bora kuliko jua la saa sita mchana, ilimradi anga jeupe lisiingie kwenye picha.

Kuna jambo la heshima nalo silipiti. Mwaka 2023, mji mdogo wa Pomfret kule Vermont uliifunga barabara ya kwenda kwenye shamba moja maarufu kwa wapiga picha, msimu wa majani wote, wasipite ila wenyeji. Wageni walikuwa wameziba njia, wameingia kwenye ardhi ya mtu, wameacha takataka. Nasi tunaolijua thamani ya shamba la mzee tusifanye hivyo. Geti ni mlango wa mtu: piga hodi, omba, na ukikataliwa shukuru uondoke.

Usalama pia. Oktoba ni msimu wa uwindaji, kwa hiyo ukiingia msituni vaa kizibao cha rangi ya machungwa inayowaka, na watoto vivyo hivyo. Jumapili sheria ya Maine inakataza kuwinda, na kwa familia hiyo ndiyo siku ninayoipendekeza. Jioni endesheni polepole kule milimani: moose, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ni mrefu na mweusi, na taa za gari humchelewa.

Ramani ya kanda saba iko mezani pale mlangoni, na kando yake kuna karatasi mbili. Mwenye gari lenye nafasi aandike jina lake na siku yake ya mapumziko kwenye ya kwanza. Asiye na gari aandike kwenye ya pili. Tupangane kabla hatujatoka humu ndani.