Mashine ya kuzungusha dhahabu: msiangalie spidi, angalieni maji

Haya jamani tuanze. Hii mashine, bakuli linalozunguka kutenganisha dhahabu na mchanga, wengi wakiiona inavyozunguka wanadhani ujanja wote uko kwenye spidi. Ngoja nielezee.

Kwa ujazo uleule dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, kwatzi, yaani mchanga wa kawaida, mara 2.65, kwa hiyo hata karai la mkono linatenganisha, shida inaanza punje zikiwa ndogo. Punje ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) inazama polepole mara makumi kuliko ya mikroni 100, yaani kabla haijagusa chini maji yashaibeba imeenda na marudio, yale mabaki ya kutupwa. Ndo maana bakuli linazungushwa, mashine za Knelson zile za kawaida zinakupa kama G 60, yaani punje inasukumwa ukutani kwa nguvu mara 60 ya uzito wake, na za kampuni nyingine, Falcon, zipo zinazofika mia kadhaa. Afu ukiongeza spidi mara mbili nguvu inapanda mara nne, sio mbili.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Hiyo nguvu haichagui, inasukuma dhahabu na mchanga vyote. Bakuli likizunguka hivihivi, muda si mrefu mifereji ya ukutani ndani ya bakuli ishajaa mchanga umegandamana kama saruji, dhahabu ikija inateleza juu yake inatoka. Ndo maana ukuta una vitundu, maji masafi yanaingia kutoka nje kuja ndani, kinyume na ile nguvu, mchanga unabaki umelegea, dhahabu inapenya inakaa mferejini na mchanga mwepesi unafurushwa kwa juu. Maji yakizidi yanatoa hadi dhahabu ya unga, yakipungua mchanga unaganda. Fundi anayejua hiyo valvu mi namheshimu kuliko aliyenunua mashine.

Eeh, kaka unauliza mchanga mweusi je, nimekusikia. Huo una magnetaiti, madini ya chuma yenye uzito kama mara 5.2 ya maji, inang'ang'ania mferejini, kwa hiyo inabidi usimamishe na kuosha mara kwa mara, au upitishe sumaku kwanza.

Mashine uifunge wapi kiwandani? Kwenye mzunguko wa kusaga mawe, usingoje mwisho. Dhahabu kinuni haivunjiki kirahisi, inabondeka inakuwa bapa, na saikloni, kile chombo cha kutenga punje nzito na nyepesi, inairudisha kinuni kwa vile nzito, inabaki inazunguka humohumo. Chekecha kwanza, milimita 2 hivi, ndo uilishe mashine. Na kama dhahabu bado imefungwa ndani ya jiwe, punje nzima inabeba wepesi wa jiwe na inaondoka na marudio, hapo rudi ukasage tena, mashine haina kosa.