Hewa, Gesi au Maji: Namna ya Kukagua Utumbo Mpana

Wazee wetu, kina mama na vijana, asanteni kwa kufika. Wengi mkisikia kolonoskopi, yaani kukagua utumbo mpana kwa kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, mnauliza bei, na kama inauma. Leo nawaomba muongeze swali la tatu: daktari ataufunguaje utumbo wangu?

Utumbo mtupu hunywea, kuta zikashikana, na kamera isione kitu. Kwa miaka mingi tumepuliza hewa ya kawaida. Hewa hiyo hubaki tumboni, mtu akarudi nyumbani amevimbiwa. Gesi ya kabonidayoksaidi hunyonywa upesi na kuta za utumbo ikatoka kwa pumzi, kwa hiyo tumbo hutulia mapema.

Njia ninayoipenda mimi ni maji. Daktari hufunga hewa, akaingia huku akimimina maji ya vuguvugu na kufyonza yale machafu papo hapo. Utumbo hautanuliwi kupita kiasi, kona zinapitika kwa urahisi, maumivu yanapungua. Kuingia huchukua muda zaidi. Lakini majaribio yameonyesha kwamba njia hii hugundua adenoma nyingi kuliko hewa, na hizo ndizo vinyama vinavyoweza kugeuka saratani.

Faida huonekana hasa upande wa kulia. Huko kuna vinyama bapa, rangi yake karibu sawa na ya ukuta, vimejifunika ute wa manjano. Wakati mwingine dalili pekee ni vimishipa vya damu vinavyokatika ghafla. Mwenye haraka atavipita.

Ndiyo maana wakati wa kuitoa kamera hatukimbii. Kwa muda mrefu kipimo kilikuwa angalau dakika 6. Miongozo ya Marekani ya 2024 inataka wastani wa dakika 8. Utafiti mkubwa wa huko, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa kila kiwango cha daktari cha kugundua adenoma, yaani ni wagonjwa wangapi kati ya 100 anaowakuta nazo, kilipozidi cha mwenzake kwa asilimia 1, hatari ya wagonjwa wake kupata saratani baadaye ilipungua kwa asilimia 3. Muulize daktari wako kiwango chake bila kuona haya.

Na dawa ya kusafisha tumbo, tafadhali, igawanyeni: nusu jioni, nusu alfajiri. Najua anayetoka Ruiru anaogopa kubanwa na haja ndani ya matatu kwenye foleni ya Thika Road. Basi omba nafasi ya saa tano au sita mchana. Ukiinywa yote usiku, uchafu hushuka tena na kuufunika upande uleule wa kulia.

Haya, maswali. Tuanze na mama aliye pale nyuma.