Roger Fenton: Kupiga Picha Vitani kwa Kioo Kibichi

REHEMA: Karibuni tena. Leo ni zamu ya Roger Fenton, Mwingereza aliyeshuka bandari ya Balaklava Machi 1855 kupiga picha Vita vya Crimea, kati ya Urusi na Uingereza pamoja na washirika wake. Kaka Saidi, watu wakiziona picha zake huuliza: mapigano yako wapi?

SAIDI: Hayamo, dada. Wengi hukimbilia kusema alikatazwa. Ni kweli aliyemtuma, Thomas Agnew, mfanyabiashara wa picha wa Manchester, alitaka picha za kuuza, na sura za maofisa ndizo zilizokuwa na wanunuzi. Lakini tuanze na kioo chenyewe, maana enzi hizo picha ilinaswa juu ya kioo kilichopakwa dawa. Alibeba vioo kama 700, kamera 5, na gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo, akaligeuza chumba cha giza.

REHEMA: Taja hatua, maana hapo ndipo penye kazi.

SAIDI: Unasugua kioo hadi king'ae. Unamimina kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi kisha ikayeyushwa kwenye etha na alkoholi, pamoja na chumvi ya iodini. Unakiinamisha kona hadi kona mpaka ienee, inayozidi unairudisha chupani. Ikianza kunata, unakizamisha gizani kwenye maji ya nitrati ya fedha dakika 3 hivi. Unakitia kwenye kasha lake, unawahi kamera, unapiga, unarudi kusafisha picha papo hapo. Yote hayo yaishe ndani ya dakika 10 hivi, kioo kingali kibichi.

REHEMA: Kikikauka?

SAIDI: Nitrati inaganda chembechembe, na kioo hakishiki tena mwanga ipasavyo. Joto la kule lilikuwa adui mkubwa: etha iliruka hewani kabla kolodioni haijafika ukingoni, utando ukafanya mikunjo. Vumbi nalo likiingia kwenye beseni la maji ya nitrati, vioo vinatoka na madoa. Hata kikitoka salama, lenzi ilihitaji kuachwa wazi sekunde 3 hadi 20. Askari anayekimbia haonekani kabisa.

REHEMA: Na kolodioni huona zaidi rangi ya buluu. Ndiyo maana anga lake ni jeupe tupu, na makoti mekundu ya Waingereza yametoka meusi.

SAIDI: Haswa.

REHEMA: Sasa lile bonde lililotapakaa risasi za mizinga, alilolipiga picha Aprili 23. Picha mbili, kamera imesimama palepale. Moja ina barabara tupu, risasi zimelala mtaroni. Nyingine zimetapakaa hadi barabarani. Ipi ilitangulia?

SAIDI: Errol Morris, mtengenezaji filamu wa Marekani, alilichunguza hilo, na jibu limo kwenye vijiwe vya mteremkoni. Katika ile yenye risasi barabarani, vijiwe kadhaa vimeteremka kidogo, kama vilivyopigwa teke na mtu aliyepita. Vijiwe havipandi mlima, kwa hiyo barabara tupu ndiyo ya kwanza.

REHEMA: Nani alizisogeza?

SAIDI: Picha haisemi. Askari walikuwa wakiziokota, nao wangeweza kuziburura. Ninachodai ni kimoja: anayeionyesha moja aiweke na ya pili kando yake, kwa mpangilio huo.