Bila samadi mti huu ungetoa kilo ngapi? Hesabu ya Kibayes kwa Pyro

Karibuni wadau, wa Moshi na wa kwingineko. Swali la leo: mti wa kahawa kule Kibosho umewekewa debe 2 za samadi, ukatoa kilo 4.2 za kahawa mbivu. Usingewekewa samadi, ungetoa ngapi? Mti uleule, msimu uleule.

Fungua Pyro, maktaba ya Python ya modeli za uwezekano, uandike modeli. Mavuno = 2 + b × samadi + u. Hiyo b ni nguvu ya debe moja. Ipe Normal (mgawanyo wa umbo la kengele) ya wastani 0.8, mkengeuko (kadiri ya kutawanyika) 0.2. Hiyo u ni bahati ya mti wenyewe, yaani udongo, kivuli cha migomba, mvua; wastani 0, mkengeuko 0.5. Namba hizi ni za mfano, weka za shamba lako.

Hapa tega sikio. Lazima u iwe na pyro.sample yake, yaani amri ya kuchota namba kwa bahati. Ukiificha ndani ya Normal ya mavuno, pyro.do (amri ya kulazimisha thamani fulani) itachota bahati mpya, na jibu lako litahusu mti wowote tu, siyo huu.

Ukishaitoa nje, mavuno yanabaki hesabu tupu. Usitumie Delta, mgawanyo wa thamani moja tu: inataka namba zilingane hadi desimali ya mwisho, na kompyuta hukata desimali inavyotaka. Yape mavuno Normal ya mkengeuko 0.01.

Sasa ukiiachia Importance (njia ya Pyro inayochota sampuli na kuzipa uzito kadiri zinavyolingana na data) ichote u kutoka kisio la awali, ile Normal ya mwanzo, karibu sampuli zote zitapata uzito wa sifuri. Ndiyo maana tunaandika mwongozo wetu wenyewe: chota b kwanza, kokotoa 4.2 − 2 − 2b, kisha chota u kwenye Normal ya 0.01 kuzunguka jibu hilo. HMC (Hamiltonian Monte Carlo, njia nyingine ya kuchota sampuli) sikushauri: b na u zinazofaa ziko kwenye bonde jembamba, nalo huilazimisha kwenda hatua ndogo ndogo mno.

Endesha sampuli 5000, uzichote upya kwa kufuata uzito wake. Kwa kila moja, shikilia b na u zisibadilike kwa pyro.condition, weka samadi 0 kwa pyro.do, usome mavuno. Ni zile hatua tatu za Judea Pearl, mtaalamu wa hesabu za sababu na matokeo: kisia yaliyofichika, ingilia, tabiri.

Modeli hii inakokotoleka hata kwa kalamu, kwa hiyo kagua: wastani uwe karibu na kilo 2.37, mkengeuko 0.31. Ukiona 2 na 0.5, u yako inachotwa upya mahali fulani. Rudi kwenye msimbo uitafute.