Mlio wa Tapeti Kwenye Land Rover ya Zamani: Utafute Kwanza, Spana Baadaye

Bassebo ne bannyabo, yaani mabwana na mabibi, makanika wenzangu, na nyinyi wenye magari haya ya zamani, karibuni. Leo tunashughulikia sauti moja tu: ule mlio wa tak-tak-tak unaotoka juu ya injini. Mfano wetu ni injini ya petroli ya Land Rover ya cc 2,286, ile ya Series II na III, kwa kuwa wengi hapa mnaijua kwa mikono yenu.

Kuna mazoea yanayoniuma. Mteja analalamika, fundi anafungua kava, anakaza tapeti zote (skrubu zinazoweka nafasi ndogo kati ya shina la valvu na roka, mkono mdogo unaoisukuma) mpaka injini inanyamaza. Mteja analipa, anaondoka na furaha. Baada ya muda valvu ya ekzosi, ile ya kutoa moshi, inaungua, kompresheni inapotea, na gari linarudi likivutwa. Sababu ni hii: valvu ya ekzosi hupoa inapokuwa imekalia siti yake. Ukiinyima nafasi, joto linarefusha shina lake, haifungi sawasawa, na gesi ya moto inapenya pembeni ikila chuma. Tapeti iliyolegea inapiga kelele na utaisikia. Iliyobana haisemi kitu. Kwa hiyo ukiniambia injini yako ni kimya kabisa, bado nitaomba kuipima.

Sasa, kwa nini nafasi ikizidi inagonga? Nundu ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, imechongwa na mwinuko mdogo wa taratibu mwanzoni na mwishoni. Kazi ya mwinuko huo ni kumaliza nafasi polepole kabla valvu haijasukumwa, na kuishusha valvu kwa upole inapofunga. Nafasi ikiwa kubwa, mwinuko unapita bila kugusa kitu, roka inalipiga shina kwa kasi, kisha valvu inaangukia siti kwa kishindo. Ndiyo maana ongezeko la milimita 0.1 tu linasikika.

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza mwendo wa mlio. Kamshafti inazunguka nusu ya kasi ya krankshafti, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni. Injini ikitulia kwenye mizunguko 700 kwa dakika, valvu moja inagonga mara 350, karibu mara sita kwa sekunde. Ukiwa na taa ya kutaimu, ifunge kwenye waya wa plagi namba 1. Inamweka mara moja kwa kila mizunguko miwili, sawa na valvu moja. Mlio ukienda sambamba na mweko, hata kama unatangulia au unachelewa kidogo, uko kwenye upande wa kamshafti. Ukienda maradufu, anza kushuku chini, kwenye krankshafti na pistoni.

Halafu zima silinda moja moja: chomoa waya wa plagi kwa koleo lenye mpini wa mpira, na uuegemeze kwenye bodi ili koili isiumie. Mlio wa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) au wa pistoni utapungua au utabadilika silinda yake isipochoma. Mlio wa valvu haujali kama silinda inachoma au haichomi.

Hata hapo usiharakishe, maana kuna vitu vinaiga. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikivuja inatoa tak-tak ileile. Dalili yake ni kwamba inavuma zaidi asubuhi injini ikiwa baridi na kufifia chuma kinapopata moto, na mara nyingi inaacha masizi meusi kwenye maungio. Mwagia maji ya sabuni injini ikiwa baridi, washa, uone mapovu. Plagi iliyolegea nayo ni hivyohivyo. Inayodanganya kuliko zote ni pampu ya mafuta ya petroli iliyo ubavuni, kwa sababu wenzo wake unaendeshwa na kamshafti hiyohiyo, hivyo mwendo wake ni uleule wa valvu. Weka ncha ya bisibisi refu kwenye pampu na mpini kwenye sikio, kisha uhamishie kwenye kava. Weka tai, nywele na mikono mirefu ya shati mbali na feni.

Ukisharidhika kwamba ni juu, fungua kava na uwashe injini itulie. Ingiza jani jembamba la fila geji (kipimo cha majani ya chuma), milimita 0.10 au 0.15, kati ya roka na shina la valvu, moja baada ya nyingine. Mlio ukikatika, nafasi ya hapo imezidi. Ukipungua bila kwisha, kuna sehemu iliyolika. Usipobadilika kwenye valvu zote nane, tatizo liko kwenye pushirodi (fito zinazosukuma roka kutoka chini), springi, au chini kwenye rola za tapeti na kamshafti.

Sasa zima injini upime. Andika vipimo vyote nane kabla ya kugusa skrubu hata moja. Karatasi hiyo itakufaa sana. Injini hii inataka milimita 0.25, yaani inchi 0.010, valvu za kuingiza na za kutoa sawa. Msichukue namba hiyo kuipeleka kwenye gari lingine. Peugeot 504 inataka 0.10 kuingiza na 0.25 kutoa, baridi. Land Cruiser yenye injini ya 2F ni 0.20 na 0.35, moto.

Hesabu ya valvu ni rahisi: namba mbili zijumlike kuwa tisa. Zungusha injini kwa hendeli mpaka valvu ya 8 iwe imefunguka kabisa, urekebishe ya 1. Ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3. Ya 4, rekebisha ya 5. Ya 7, rekebisha ya 2. Kisha ya 1 kwa 8, ya 3 kwa 6, ya 5 kwa 4, ya 2 kwa 7. Hiyo inafuata mpangilio wa kuchoma 1-3-4-2. Ukikaza nati, skrubu husogea kidogo, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Jani lipite kwa kukwaruza, lisilazimishwe.

Na ukishaweka sawa na bado linagonga? Tazama uso wa roka. Ukiwa na shimo la milimita 0.10, jani la geji linalala juu ya kingo zake: unasoma 0.25 kumbe nafasi halisi ni 0.35. Hapo tumia dayali geji, kipimo chenye mshale, au upeleke roka ikasagwe. Tikisa kila roka juu na chini valvu ikiwa imefunga. Ikicheza, bushi au shafti yake imelika. Roka moja ikiwa kavu na nyingine zinang'aa oili, tundu limezibwa na tope: vua shafti, safisha matundu kwa waya na petroli. Pushirodi ivingirishe juu ya kioo, iliyopinda itaruka. Nundu ya kamshafti iliyolika haitibiwi na skrubu, kwa kuwa nafasi unaipimia upande wake wa duara, ambao haujalika. Pima kwa dayali geji kila pushirodi inapanda kiasi gani. Inayobaki nyuma ya wenzake ndiyo mgonjwa.

Rudini kwenye ile karatasi. Kufikia mwanzo wa 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye risasi, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda siti laini za hedi (vichwa vya injini) za zamani. Leo, gari linalobeba mizigo kupanda milima ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, linaweza kula siti za ekzosi. Valvu inazama, shina linapanda, nafasi inapungua, na mlio unapungua pia. Pima tena baada ya kilomita 1,000 au 2,000. Valvu ya ekzosi uliyoiacha na 0.25 ukiikuta na 0.15, usiifungulie tena na kumrudishia mteja ufunguo. Ng'oa hedi, ipeleke kwa fundi wa mashine iwekewe siti ngumu.