Jezi Kumi na Tatu: Mhadhara Kuhusu Matt Stairs

Habari za jioni. Nashukuru kwa kualikwa, na namshukuru zaidi aliyeipitisha mada hii, maana si kila siku mtu anasimama mbele ya waandishi chipukizi wa michezo akazungumzia besiboli. Najua mlitarajia nyota. Mimi nimewaletea Matt Stairs, Mkanada mfupi, mnene, aliyecheza ligi kuu ya Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1992, akastaafu 2011, na katikati hapo akavaa jezi za timu 13. Ligi yenyewe ina timu 30.

Hoja yangu ni moja, nitaisema mapema ili wanaosinzia waondoke nayo. Tukiona mchezaji kahama timu nyingi, kalamu zetu hukimbilia kuandika kwamba alishindwa kutulia. Mimi nasema mtu anayesajiliwa mara 13 ametakiwa mara 13. Linalobaki la kuuliza ni alitakiwa kwa kazi gani, na ni sheria gani zilizomfanya asikae.

Kwa wasioujua mchezo, nitakuwa mfupi. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana gongo. Akiupiga ukavuka uzio, hiyo ni homrani. Yeye na wenzake waliokuwa kwenye vituo, yaani sehemu nne anazozunguka mkimbiaji, wanarudi kwenye cha mwisho, kiitwacho nyumbani, na kila mmoja anahesabiwa pointi. Nyuma kabisa, kwenye majani mapana, wanasimama walinzi watatu wa uwanja wa nje. Stairs alikuwa mmoja wao, ingawa hakuna aliyemsajili kwa mbio zake. Alisajiliwa kwa sababu ya mikono.

Alizaliwa 1968 huko Saint John, katika jimbo la New Brunswick, pande ambazo mtoto huanza na hoki ya barafu. Alikuwemo kwenye kikosi cha Kanada kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, besiboli ikiwa bado mchezo wa maonyesho tu. Mwaka uliofuata Montreal Expos wakamchukua. Mwaka 1991, akiwa Harrisburg kwenye ligi za chini, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Hapo ungedhani njia imenyooka. Haikunyooka. Mechi chache Montreal, kisha 1993 akapelekwa Japani kwa Chunichi Dragons wa Nagoya, kisha akarudi ligi za chini tena. Boston walimpa nafasi kidogo mwaka 1995. Kazi ya kudumu aliipata Oakland, na kufikia 1997, msimu uliomfungulia milango kwa homrani 27, alikuwa na miaka 29. Kwenye mchezo huu, huo ni umri ambao wengi wasiopenya ligi kuu wameshaambiwa wakatafute kazi nyingine. Mwaka 1999 alipiga 38.

Sasa tuingie kwenye sheria, na hapa naomba muweke simu chini kidogo.

Huku kwetu klabu ikitaka kumuuza mchezaji wa soka, mchezaji mwenyewe lazima akubaliane na klabu mpya. Anaweza kugoma, na wapo wanaogoma hadi dirisha linafungwa. Kwenye besiboli ya Marekani, timu mbili zinabadilishana wachezaji na mkataba unahama pamoja na mtu. Mchana uko Kansas City, kesho unatakiwa Texas, na mke na watoto watakukuta baadaye. Anayeweza kukataa ni yule aliyeandikiwa haki hiyo kwenye mkataba wake, au aliyetimiza miaka 10 kwenye ligi kuu, 5 ya mwisho akiwa na timu ileile. Itazameni vizuri sheria hiyo ya pili. Inamlinda aliyekaa. Aliyehamishwa kila mara hesabu yake ya miaka 5 inaanza upya kila anaposhuka kwenye ndege, kwa hiyo anazidi kuhamishika. Sijui kama waliotunga walikusudia hivyo, lakini ndivyo inavyofanya kazi, na mwandishi anayeandika kuhama bila kuisoma anaandika nusu habari.

Mfano uko kwenye msimu wake wa 2006. Alianza Kansas City Royals. Tarehe 31 Julai wakampeleka Texas Rangers. Katikati ya Septemba Texas wakamwacha, Detroit Tigers wakamchukua. Timu tatu, msimu mmoja. Tigers mwaka huo walifika fainali kuu, World Series. Stairs alikuwa na jezi yao, alikuwa na kabati lake kwenye chumba chao, lakini hakuruhusiwa kucheza, kwa sababu kanuni ya mechi za mtoano ilimtaka mchezaji awe ndani ya klabu kabla Agosti haijaisha. Amefika wiki mbili baada ya mlango kufungwa. Hilo halikuwa kosa lake wala la Tigers. Ni kalenda tu.

Na kazi yenyewe aliyotakiwa? Kadiri miaka ilivyokwenda, Stairs aligeuka mpigaji wa akiba. Nataka muione kazi hii kwa karibu. Mechi inaanza, yeye amekaa benchi. Mchezo ukifika katikati anaingia ndani, kwenye chumba chenye nyavu, anapiga mipira kupasha misuli, akijua huenda asiitwe kabisa. Akiitwa ni zamu ya saba au ya nane kati ya zamu tisa za mechi, mechi imebana, na mbele yake kuna mrushaji aliyeingia sasa hivi, mkono haujachoka, mpira unaokwenda zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Wenzake wamepiga mara tatu usiku huo, wameshaupima mwendo. Yeye anapewa nafasi moja. Akikosa anakaa chini na habari imeisha.

Philadelphia Phillies walimchukua tarehe 30 Agosti 2008, na safari hii kalenda ilikuwa upande wake kwa siku moja. Alikuwa na miaka 40. Tarehe 13 Oktoba, mechi ya nne ya fainali ya Ligi ya Kitaifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, Phillies wako Los Angeles nyumbani kwa Dodgers. Zamu ya nane inaanza Dodgers wakiongoza 5-3. Shane Victorino anapiga homrani, inakuwa 5-5. Carlos Ruiz anafika kituo cha kwanza, na wapigaji wawili wameshatolewa. Zamu ya kupiga inamwangukia mrushaji wa Phillies, kwa hiyo kocha Charlie Manuel anamwita mzee. Dodgers nao wanamleta Jonathan Broxton, jitu la mpira wa kasi. Broxton anajikuta na mipira mitatu mibaya na mmoja mzuri. Akirusha mwingine mbaya, Stairs anapewa kituo bure. Kwa hiyo analazimika kuja na mpira wake wa kasi, moja kwa moja, na Stairs anajua analazimika. Gongo likazunguka lote. Mpira ulikwenda juu sana upande wa kulia, kwenye mabanda ya mashabiki. 7-5. Phillies wakashinda mechi hiyo, wakaimaliza hatua hiyo katika mechi iliyofuata, kisha wakawafunga Tampa Bay na kuwa mabingwa.

Mtu ataniambia hiyo ilikuwa bahati ya usiku mmoja. Basi tutazame hesabu. Homrani zake akiingia kama mpigaji wa akiba ni 23, rekodi ya ligi kuu. Alimpita Cliff Johnson, aliyekuwa na 20, mwezi Agosti 2010 akiwa San Diego. Jumla ya homrani zake zote ni 265. Huyu ndiye mtu ambaye ukiisoma orodha ya timu zake haraka utadhani alikuwa anafukuzwa.

Nirudi kidogo kwenye lile la zamu ya mrushaji. Enzi hizo warushaji wa Ligi ya Kitaifa walilazimika kupiga, na wengi wao hawawezi, kwa hiyo kila timu ilihitaji mtu kama Stairs kwenye benchi. Tangu 2022 kanuni imebadilika, mrushaji hapigi tena kwenye ligi zote mbili. Kazi iliyomlisha Stairs miaka yake ya mwisho imebaki kidogo sana. Kijana mwenye kipaji kilekile leo angepata timu ngapi? Mimi nadhani chache, na pengine angestaafu mapema.

Yeye alimalizia Washington Nationals, Agosti 2011, msimu ambao hakupiga homrani hata moja. Na Washington ni Montreal Expos ileile ya 1992, iliyohamishwa mji na kubadilishwa jina mwaka 2005. Ndiyo maana mtakuta wengine wanaandika klabu 12 na wengine timu 13, na wote wako sahihi. Ninyi mkiandika, semeni tu mnahesabu nini. Haya, muda wangu umekwisha. Namwona dada pale nyuma ameshanyoosha mkono muda mrefu, karibu, uliza.